Kutoka Langoni Hadi Kliniki: Ramani za Mtandaoni kwa Watu Wenye Ulemavu

Ramani ya simu humfikisha mgonjwa kwenye lango la hospitali, kisha humwambia kwamba amefika. Kwa anayetembea bila shida, maelezo hayo yanatosha. Kwa aliyekatwa mguu kwa sababu ya kisukari, aliyepooza upande mmoja baada ya kiharusi, au asiyeona, sehemu ngumu ya safari ndiyo kwanza inaanza: aende jengo lipi, aingie kwa mlango upi, na je, kuna ngazi? Mita mia mbili hizo zinaweza kumkosesha kliniki mtu aliyekwisha kupanda daladala mbili kutoka Mbagala au Bunju. Kwenye faili huandikwa kwamba hakuhudhuria, na sababu haionekani popote.

Somo hili linahusu namna ramani inavyoweza kuziba pengo hilo katika kampasi za vyuo na viwanja vya hospitali, mahali ambapo majengo ni mengi na vibao ni vichache.

Dar es Salaam haianzi na karatasi tupu. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walishirikiana na wakazi wa Tandale, Kinondoni, kuchora ramani ya mtaa wao. Mwaka 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria, uliowatumia wanafunzi wa vyuo vikuu na wananchi kuchora maeneo yanayokumbwa na mafuriko. Taarifa hizo ziliingizwa katika OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia na kuirekebisha bila malipo. Lengo la wachoraji lilikuwa maji, si viti mwendo. Hata hivyo, mtaro ulio wazi ni hatari kwa mwenye fimbo nyeupe hata siku ya jua kali.

Katika ramani ya namna hii kila njia ni mstari, na mstari hubeba maelezo: ni lami au mchanga, una ngazi au hauna, upana wake ni kiasi gani. Programu ya kutafuta njia hujumlisha urefu wa mistari na kuchagua iliyo fupi. Isipoagizwa vinginevyo, ngazi kwake ni njia fupi tu. Ndiyo maana kwenye kampasi ya kilimani, kama Mlimani ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, njia fupi na njia inayopitika kwa kiti mwendo si lazima ziwe moja. Zipo programu, mfano openrouteservice ya Heidelberg, Ujerumani, zinazomwezesha mtumiaji wa kiti mwendo kutaja mwinuko na kimo cha ukingo anachoweza kukivuka. Lakini programu haiwezi kukwepa ngazi ambazo hakuna aliyeziandika.

Wheelmap, iliyoanzishwa Berlin mwaka 2010, hutumia rangi: kijani ni mahali panapofikika kikamilifu, njano kwa sehemu, nyekundu hapafikiki, na kijivu hapajakaguliwa. Njano huruhusu ngazi moja isiyozidi takriban sentimita 7. Rangi ni mwanzo mzuri, ila kwa maoni yangu hazitoshi. Mwenye misuli imara ya mikono na bibi anayesukumwa na mjukuu hawana kijani kimoja. Andikeni vipimo, kila mtu ajiamulie.

Chukua futi kamba. Ngazi tatu za sentimita 15 zina kimo cha sentimita 45. Kanuni inayotumika sana ni kwamba kila sentimita 1 ya kimo ihitaji sentimita 12 za urefu. Hivyo njia ya mteremko ya kufikia mlango huo iwe na mita 5.4. Zege la mita mbili lililomwagwa juu ya ngazi hizo laweza kuonekana kama msaada, lakini ni mwinuko unaoweza kumpindua mtu kinyumenyume. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike. Vipimo vilivyoandikwa ni hoja nzito mbele ya uongozi kuliko malalamiko ya mdomo.

Kwa asiyeona kuna tahadhari ya pekee. Simu husoma njia kwa sauti, lakini hata mahali peupe hukosea kwa mita kadhaa, na kati ya majengo marefu hukosea zaidi. Mtaro uko ndani ya mita hizo. Ramani impe mpangilio wa mahali. Fimbo na masikio viendelee na kazi yake. Kiziwi naye hunufaika kwa namna tofauti: hahitaji kumsimamisha mlinzi asiyejua lugha ya alama.

Gharama ya bando isiwe kikwazo. Programu kama OsmAnd na Organic Maps hupakuliwa pamoja na ramani mara moja, kisha hutumika bila intaneti.

Wahudumu wanaweza kuanza na kliniki moja. Wapite njia nzima pamoja na mgonjwa mwenye ulemavu, si kwa niaba yake, wakipima milango na kukagua choo. Wapige picha za njia, kamwe si za wagonjwa. Kisha maelezo yaandikwe pia kwenye kadi ya miadi, kwa asiye na simu janja: “Ingia lango la mashariki. Njia ni ya lami, haina ngazi. Mlango una upana wa sentimita 90. Choo cha kiti mwendo kiko nyuma ya maabara.” Tarehe ya ukaguzi iwekwe chini, kwa kuwa bodaboda huegeshwa kwenye miteremko na mafundi huchimba palipokuwa safi jana. Masika yakianza mwezi Machi, njia zote za udongo zikaguliwe upya.