Kauli ya Kutendwa na Kutendewa: Jumba la Harewood Lilijengwa na Nani?

Kifungu

Jumba la Harewood liko karibu na mji wa Leeds, kaskazini mwa Uingereza. Ujenzi wake ulianza mwaka 1759, ukakamilika mwaka 1771. Tulipolizuru, tulipita chumba baada ya chumba tukitazama dari zilizobuniwa na Robert Adam na samani zilizotengenezwa na karakana ya Thomas Chippendale. Nje tuliona ziwa na malisho, tukadhani ndivyo nchi ilivyoumbwa. Kumbe mandhari hiyo nayo ilisanifiwa na Lancelot Brown.

Maelezo

Tulinganishe sentensi hizi:

(a) Jumba lilijengwa na Edwin Lascelles.
(b) Edwin Lascelles alijengewa jumba.
(c) Jumba lilijengwa kwa mawe.
(d) Jumba lilijengwa kwa utajiri wa sukari.

Katika (a), *na* hutangulia mtenda. Sentensi hii ni sahihi kisarufi, lakini Lascelles, mwenye jumba, hakushika mwiko wala nyundo. Ramani ilichorwa na John Carr, na mawe yakapangwa na waashi. Kwa hiyo (b) ina ukweli zaidi: kauli ya kutendewa humfanya kiima kuwa mtu aliyefanyiwa kazi. Tungeweza pia kusema *alijengesha jumba*.

Katika (c) na (d), *kwa* hutangulia malighafi au njia. Mwanafunzi akisema *lilijengwa kwa Lascelles* akikusudia mtenda, tumsahihishe.

Sentensi (d) inatufikisha mbali zaidi. Utajiri wa ukoo wa Lascelles ulitokana na biashara ya sukari na utumwa katika visiwa vya Karibi, kikiwemo Barbados. Tukisema *miwa ilikatwa*, sarufi haitudai tumtaje mtenda. Nao waliokata miwa hiyo walikuwa Waafrika waliotiwa utumwani. Kauli ya kutendwa humruhusu msemaji kumwacha mtenda, ama kwa kuwa hajulikani, ama kwa kuwa hatakiwi kutajwa. Mwalimu mwema huwazoeza wanafunzi wake kuuliza, kila wanapokutana na kitenzi cha namna hii: *na nani?*

Zoezi

1. Nyambua vitenzi *pika*, *chonga* na *lima* katika kauli ya kutendwa na ya kutendewa.
2. Jaza *na* au *kwa*: Ukuta ulibomolewa ___ mafundi ___ nyundo.
3. Chagua jengo la kale katika wilaya yako. Andika sentensi tano kulihusu, ukitaja waliolijenga, aliyejengewa na mali iliyotumika.