Nani Zimwi? Somo kutoka Filamu ya Nightbreed na Injili ya Marko



Vijana wengi wa parokia zetu hutazama filamu za kutisha, na mara kwa mara huuliza kama Mkristo anaruhusiwa kuzitazama. Swali hilo ni jema, lakini liko jingine linalolitangulia: filamu hiyo inatufundisha kumwogopa nani? Katika somo hili tutatumia filamu moja, Nightbreed, iliyotolewa mwaka 1990. Iliandikwa na kuongozwa na Clive Barker, mwandishi Mwingereza mzaliwa wa Liverpool, kutokana na riwaya yake fupi Cabal ya mwaka 1988. Tunatahadharisha mapema: ina damu nyingi na mauaji, wala haiwafai watoto.

1. Habari yenyewe

Kijana Boone, wa Kanada, anasumbuliwa na ndoto za mahali paitwapo Midiani. Anatibiwa na Decker, daktari wa magonjwa ya akili. Mjini familia nzima nzima zinauawa, na Decker anamshawishi Boone aamini kuwa muuaji ni yeye, ila hakumbuki. Ukweli ni kwamba muuaji ni Decker mwenyewe, ambaye huvaa kinyago cha kitambaa chenye vifungo mahali pa macho na zipu mahali pa mdomo.

Boone anakimbilia Midiani, na kumbe ni makaburi makubwa katika jimbo la Alberta. Chini ya makaburi hayo wanaishi viumbe wenye maumbo ya ajabu, mabaki ya makabila yaliyowindwa na wanadamu kwa karne nyingi. Sheria yao kuu ni kujificha. Lori, mchumba wa Boone, anamfuata huko na kumkuta mnyama mdogo anayekufa kwa kuunguzwa na jua. Anamhurumia, anambeba hadi kivulini, na mara mnyama huyo anageuka kuwa msichana mdogo mikononi mwa mama yake. Hatimaye Decker anawachochea polisi, nao wanakusanya raia wenye bunduki na kuiteketeza Midiani.

2. Mshitaki aliyeaminiwa

Wahenga walisema: kikulacho ki nguoni mwako. Decker hana pembe wala makucha. Ana ofisi safi, elimu na sauti ya upole. Anayajua mambo ya ndani ya Boone kwa sababu Boone alimweleza kama mgonjwa anavyomweleza daktari, naye anayageuza maneno hayo kuwa kamba ya kumfungia mtu asiye na hatia.

Jambo hili si geni kwetu. Ramli chonganishi hufanya kazi kwa njia hiyohiyo. Familia yenye msiba humwendea mtu inayemwamini, naye huwaonyesha mtu wa kulaumiwa. Huko Usukumani bibi vikongwe wengi wameuawa kwa kuwa macho yao ni mekundu, na wekundu huo mara nyingi hutokana na miaka mingi ya kupikia moshi wa kuni na samadi. Watu wenye ualbino wamewindwa kwa sababu kuna aliyedai kuwa viungo vyao huleta utajiri. Katika matukio hayo aliyeonekana wa ajabu ndiye aliyeuawa, na aliyeonekana mwenye hekima ndiye aliyeelekeza panga.

Mseminari na ajifunze hapa mapema. Siku moja, Mungu akipenda, watu watakuja kukufunulia mioyo yao. Kanuni ya 983 ya Sheria za Kanisa inalinda siri ya maungamo. Kanuni ya 984 inakwenda mbali zaidi: muungamishi haruhusiwi kutumia aliyoyajua katika kitubio kwa namna inayomdhuru mwungamaji, hata pale ambapo hakuna hatari ya siri kufichuka. Kanisa linajua jinsi ilivyo rahisi kwa tabibu wa roho kuvaa kinyago.

3. Midiani katika Maandiko

Jina Midiani linatoka katika Biblia. Musa, baada ya kumuua Mmisri, alimkimbia Farao akafika nchi ya Midiani. Huko alipewa chakula, akapata mke, Sipora, na akachunga kondoo wa Yethro, kuhani wa Midiani, mpaka siku ile alipokiona kijiti kilichowaka bila kuteketea (Kut 2-3). Basi mkombozi wa Israeli alihifadhiwa na wageni.

Lakini katika kitabu cha Waamuzi, Wamidiani haohao wanawaonea Waisraeli kwa miaka saba, hadi Gideoni na watu wake mia tatu wanapowashinda (Amu 6-8). Hivyo Biblia haisemi kwamba mgeni daima ni mwema, wala kwamba daima ni adui. Inatulazimu kuyatazama matendo. Yethro alimpokea mkimbizi, na hilo ni jema. Wamidiani wa siku za Gideoni waliharibu mazao ya maskini, na hilo ni ovu. Jina la kabila halitoshi kutupatia hukumu.

4. Yesu anafika makaburini

Katika Injili ya Marko 5:1-20 tunakutana na mtu aliyeishi makaburini kweli. Wenzake walimfunga kwa minyororo, akaikata. Usiku na mchana alipiga kelele na kujikatakata kwa mawe.

Tuangalie Bwana anavyofanya. Haji na silaha wala minyororo mipya. Anamwuliza jina. Anatenganisha vitu viwili ambavyo watu wa kijiji walikuwa wamevichanganya: mtu, na pepo wanaomtesa. Pepo wanafukuzwa, mtu anabaki, ameketi, amevaa nguo, ana akili timamu. Ndipo Marko anataja jambo la kushangaza: watu wanaogopa wanapomwona amepona, nao wanamsihi Yesu aondoke. Pengine walikwisha kuzoea kuwa na mtu wa kumwogopa.

Mwishoni mtu huyo anaomba kufuatana na Yesu, lakini anatumwa nyumbani kwa jamaa zake. Wokovu wake haujakamilika hadi arudi mezani kwa watu wake.

Kanisa limeurithi uangalifu huo. Katekisimu (na. 1673) inafundisha kwamba upungaji pepo wa ibada kuu hufanywa na padri tu, kwa ruhusa ya askofu, na kwamba kwanza ihakikishwe kuwa jambo linatoka kwa Yule Mwovu na si ugonjwa. Anayemtangaza mgonjwa wa akili kuwa ana mapepo kabla ya kuuliza lolote anafuata njia ya wanakijiji wenye minyororo.

5. Tusichoweza kukipokea

Filamu hii ina kasoro ambayo Mkristo hana budi kuiona. Inageuza mizani tu. Waliokuwa wabaya wanakuwa wema, na karibu kila mwenye mamlaka anakuwa mbaya: daktari, polisi, hata mtu wa dini, Ashberry, ambaye ni mlevi anayeandamana na wenye bunduki. Viumbe wa Midiani nao wana mungu wao, Baphomet, jina ambalo kwa muda mrefu limehusishwa na ibada za giza. Anayeteswa anastahili huruma na haki yetu yote. Kuteswa kwake hakuifanyi sanamu anayoiabudu kuwa Mungu. Huruma isiyopambanua roho ni pungufu, kama vile upambanuzi usio na huruma.

Filamu inatupa njia mbili tu: kuiteketeza Midiani, au kujificha ndani yake. Injili inatuonyesha njia ya tatu. Kuna Mmoja anayeshuka hadi makaburini, anauliza jina, anafukuza kilicho kiovu, na kumrudisha mtu nyumbani.

Maswali ya kutafakari na kujadili katika jumuiya

1. Katika mtaa wetu, ni nani ambaye watoto wanafundishwa kumkimbia? Je, tunalijua jina lake?

2. Soma tena Mk 5:14-17. Kwa nini watu waliogopa uzima kuliko wazimu?

3. Kwa waseminari: Mwanaparokia anakuja kukuambia kwamba bibi jirani yake ni mchawi, na vijana wamekwisha kukusanyika. Utakwenda kwanza kwa nani, na utasema nini?