Huduma Mbili za DNS Zinapogombea Poti 53

Unakumbuka kwamba DNS hubadili jina la tovuti kuwa anwani ya IP, na kwamba maombi yake hupokelewa kwenye poti 53. Kanuni ya kushika katika mada hii ni moja: kwa kawaida programu mbili haziwezi kusikiliza poti ileile kwenye anwani ileile.

Tuchukue kompyuta ya Ubuntu ambayo mwalimu anataka iwe seva ya DNS ya maabara. Ubuntu huja na huduma iitwayo systemd-resolved, inayosikiliza kwenye 127.0.0.53. Mwalimu anasakinisha dnsmasq, ambayo isipoelekezwa vingine hutaka poti 53 kwenye anwani zote za kompyuta. Inagoma kuwaka, na ujumbe unasema anwani tayari inatumika.

Kabla ya kuzima chochote, mtafute anayeishikilia poti:

sudo ss -tulpn | grep ':53 '

Wanafunzi wengi huandika "zima systemd-resolved" na kuishia hapo. Jibu hilo halijakamilika. Faili la /etc/resolv.conf bado linaelekeza maswali kwa 127.0.0.53, na dnsmasq nayo husoma faili hilohilo ili ijue imuulize nani majina isiyoyajua. Aliyekuwa akijibu pale umeshamwondoa! Dalili yake ni kwamba ping 8.8.8.8 inajibiwa, ila jina la tovuti halipatikani. Watu watasema mtandao umekatika, kumbe upo.

Njia nzuri zaidi ni kuziacha zote mbili, kila moja na anwani yake. Ikiwa anwani ya kompyuta hiyo maabarani ni 192.168.1.10, andika katika /etc/dnsmasq.conf:

listen-address=192.168.1.10
bind-interfaces

Mstari wa pili usiusahau. Bila huo, dnsmasq hushika anwani zote kwanza, ndipo ichuje maombi, na ugomvi unabaki palepale. Kisha iwashe upya:

sudo systemctl restart dnsmasq

Ikiwa ni lazima dnsmasq ibaki peke yake, weka DNSStubListener=no katika /etc/systemd/resolved.conf, washa upya systemd-resolved, kisha rekebisha /etc/resolv.conf.

Swali: Eleza kwa nini 127.0.0.53 na 192.168.1.10 zinaweza kutumia poti 53 kwa wakati mmoja katika kompyuta moja. (Alama 4)