Viza ya kazi kabla ya chuo

SWALI: Nimemaliza kidato cha sita, naishi Arusha. Nataka kufanya kazi Ulaya mwaka mmoja kabla ya chuo. Naanzia wapi?

JIBU: Viza ya likizo na kazi, ile inayowapeleka vijana wengi Australia, haitolewi kwa Watanzania. Ujerumani, hata hivyo, ina mlango ulio wazi: mpango wa au pair, ambapo kijana huishi na familia, huwatunza watoto na kujifunza lugha.

Mwombaji awe ametimiza miaka 18 na hajafikisha 27, na awe na Kijerumani cha kiwango cha A1. Mtihani wake hufanyika Goethe-Institut, Dar es Salaam.

Mkataba na familia ndio moyo wa maombi, na inafaa kuusoma mstari kwa mstari. Kazi isizidi saa 30 kwa wiki. Chumba, chakula na bima ni juu ya familia, pamoja na euro 280 za matumizi kila mwezi na euro 70 za kozi ya lugha. Familia inayodai saa 45 inavunja masharti, na kijana ana haki ya kuikataa.

Ada ya viza ni euro 75, na wakala anayeahidi viza ya uhakika anadanganya: uamuzi ni wa ubalozi.