Unywele wa Bati

Fundi wa redio akitaka kuunga nyuzi mbili za umeme, hutumia lehemu. Huiyeyusha kwa chuma cha moto, nayo hufunika nyuzi, kisha hupoa na kuwa ngumu. Hapo umeme hupita.

Lehemu ya tangu zamani ni mchanganyiko wa madini mawili: bati na risasi. Bati hili si mabati ya kuezekea nyumba. Ni madini meupe na laini, yaliyochimbwa miaka mingi huko Manono na Kalima. Bati peke yake huyeyuka kwa joto la digrii 232. Likichanganywa vema na risasi, huyeyuka kwa digrii 183 tu.

Mafundi pia hupaka bati juu ya vyuma vya umeme, visishike kutu na viungike upesi. Lakini bati tupu lina tabia ya ajabu: huota nywele. Halina uhai kama mti, wala halimwagiwi maji. Ni mkazo uliomo ndani ya bati unaolisukuma litoke nje polepole. Nywele hizo ni nyembamba kuliko nywele za mtu, na nyingi hazipiti milimeta chache. Huenda zikaota baada ya siku kadhaa, au baada ya miaka. Unywele ukigusa chuma cha jirani, umeme hupita njia isiyo yake, na chombo huharibika.

Hapa chini, fundi hukifungua chombo na kukitengeneza. Juu sana, pasipo hewa, hatari ni kubwa zaidi. Umeme mwingi ukiunguza unywele huko, mvuke wake waweza kuwaka na kupitisha umeme mkali sana. Tena fundi hayuko.

Mwaka 1993 satelaiti ya Wamarekani iitwayo Galaxy IV ilirushwa, ikakaa kilometa 36,000 hivi juu ya dunia. Ilikuwa na mashini mbili za kuiongoza: moja ikifa, nyingine ishike kazi. Tarehe 19 Mei 1998 mashini ya kwanza ilikufa. Ya pili haikuweza kuipokea, maana nayo ilikuwa imekwisha kuharibika. Satelaiti ikageuka upande, isisikie amri tena.

Siku ile, katika Marekani, vidude vya mfukoni vya kuitia watu vilinyamaza kwa mamilioni. Waganga wengi hawakuweza kuitwa kwa wagonjwa wao. Waliochunguza walisema kwamba mashini ya kwanza, yaelekea, iliuawa na unywele wa bati.

Dawa yake ni ipi? Risasi kidogo. Bati likichanganywa na risasi, hata sehemu 3 tu katika 100, nywele hupungua sana. Kwa hiyo watengenezaji wa vyombo vya angani hukataa bati tupu, na hupima vipande kabla ya kuvifunga.

Wazee husema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Huko juu hakuna wa kuziba ufa. Fundi mwema huutafuta mapema, chombo kingali mikononi mwake.

Maulizo
1. Lehemu ya zamani ina madini gani?
2. Unywele wa bati huharibuje chombo cha umeme?
3. Kwa nini mashini ya pili haikuiokoa satelaiti?
4. Risasi yasaidia nini?