Kujitayarisha kwa Mtihani wa Leseni ya Pikipiki

Katika vijiji vingi vya Tanzania pikipiki imekuwa tegemeo la watu: humpeleka mgonjwa hospitali na gunia la mahindi sokoni. Kwa hiyo twaona yafaa leo kuwaeleza wasomaji wetu, hasa walimu na wazee wa vijiji, jinsi ya kumsaidia kijana anayejitayarisha kwa mtihani wa leseni ya daraja A, kama itakiwavyo na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973.

Tulipata kumwona kijana mmoja aliyekwisha kukariri alama zote za barabarani kama zilivyopangwa katika karatasi yake, tangu ya kwanza hata ya mwisho. Mwalimu wake akazikata zile picha, akazichanganya, kisha akamwonyesha moja tu. Kijana akanyamaza. Alijua mfuatano, hakujua maana. Hilo ndilo kosa la kwanza la kuepukwa, kwa kuwa barabara haifuati mpango wa karatasi.

Kwanza, ajifunze umbo na rangi. Pembetatu yenye ukingo mwekundu, ncha yake juu, yaonya: mbele kuna kona kali, au watoto wa shule. Duara lenye ukingo mwekundu lakataza. Duara la buluu laamuru. Pembetatu yenye ncha chini yasema, Wape wengine njia. Alama nyekundu ya pembe nane yasema, Simama kabisa; nayo hutambulika kwa umbo lake hata ikipakwa matope. Ajuaye haya hukisia vema hata alama asiyopata kuiona.

Pili, ajue nani apite kwanza. Sisi twaendesha upande wa kushoto. Afikaye kwenye kiplefti huwapisha wanaotoka kulia kwake. Na penye kivuko cha pundamilia, mwenda kwa miguu ndiye mwenye haki.

Tatu, mwendo. Penye makazi ya watu usizidi kilometa 50 kwa saa. Kwa nini? Mwendo huo ni kama mita 14 kwa kila sekunde. Tangu jicho kuona mtoto hata mkono kushika breki hupita kama sekunde 1, na pikipiki imekwisha kwenda mita hizo 14 bila kupunguza mwendo hata kidogo. Tena mwendo ukiongezwa mara 2, umbali wa kusimama baada ya kushika breki huwa mara 4. Mwalimu na awapeleke vijana uwanjani wapime mita 14 kwa hatua, nao hawatasahau.

Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, maana pikipiki isimamapo uzito wote huelekea mbele. Lakini juu ya changarawe au matope, ikishikwa ghafula, gurudumu huteleza. Basi zitumiwe breki zote mbili kwa utaratibu.

Nne, kofia ngumu. Uchunguzi mwingi uliokusanywa na wataalamu mwaka 2008 ulionyesha kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa katika ajali kwa kiasi cha sehemu 4 katika 10, na hatari ya kuumia kichwa kwa sehemu karibu 7 katika 10. Lakini kofia isiyofungwa kamba hutoka kichwani mara mtu aangukapo. Nayo mishikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja, ni kosa.

Kwa habari ya kujifunza, twashauri alama 5 kila jioni, wala si zote kwa usiku mmoja. Mwenzake amwulize bila mpango, naye ajibu kwa sauti, akitaja sababu pamoja na jibu.

Wako wasemao kwamba leseni hupatikana kwa fedha bila mtihani. Wazee, msiwaache vijana wenu waamini maneno hayo. Hongo ni kosa mbele ya sheria, tena anayenunua leseni hakununua maarifa. Mbele ya mtahini, mwenye kukosa hurudi siku nyingine akajaribu tena. Barabarani, kosa moja laweza kumwua mama aliyeketi nyuma yake, aliyemwamini kwa sababu ana leseni.