KOSA LA KALAMU NA UWONGO WA KALAMU
Somo litokalo katika hati ya kununulia bunduki Marekani

Wahenga walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaweza kuongeza ya kwamba daftari lililoandikwa vibaya laweza kupoteza zaidi ya mali. Laweza kupoteza roho za watu. Wasomaji wetu wengi ni watu wa kalamu. Mwalimu ana daftari lake la shule, mzee wa mji ana muhuri wake, na hata mkulima hutia sahihi yake katika karatasi nyingi kila mwaka. Kwa hiyo leo twataka kujifunza habari za karatasi moja tu, nayo ni ile ajazayo mtu atakaye kununua bunduki dukani katika nchi ya Marekani. Tumeichagua hiyo kwa sababu makosa yake yamechunguzwa hadharani, na faida ya uchunguzi huo yamfaa kila mtu ashikaye kalamu, hata kama hatashika bunduki maisha yake yote.

KARATASI YENYEWE

Katika mwaka 1968 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kutawala biashara ya bunduki. Kwa sheria hiyo mwenye duka la bunduki hana budi kuwa na leseni ya Serikali Kuu, na kila anunuaye kwake hujaza Hati Nambari 4473. Hati hiyo hutolewa na idara iitwayo ATF, ambayo kazi yake ni kuangalia mambo ya pombe, tumbaku, bunduki na baruti.

Mnunuzi huandika jina lake kamili, mahali akaapo, mahali alipozaliwa na tarehe ya kuzaliwa, urefu wake na uzito wake. Kisha huulizwa maswali ya kujibiwa ndiyo au siyo. Je, wewe ndiwe mnunuzi hasa wa bunduki hii? Je, umepata kuhukumiwa kwa kosa kubwa liwezalo kuleta kifungo cha zaidi ya mwaka mmoja? Je, umepata kufukuzwa jeshini kwa aibu? Je, umepata kuhukumiwa kwa kumpiga mke wako au mtu wa nyumbani mwako? Asiyejua kusoma au kuandika aweza kuandikiwa majibu na mtu mwingine, lakini si mwenye duka. Na watu wawili, wala mwenye duka si mmoja wao, hutia sahihi kuwa mashahidi.

Baada ya hayo mwenye duka huulizia habari za mnunuzi katika daftari za Serikali. Sheria ya kuulizia ilipitishwa mwaka 1993, na mashine za kutafutia majina katika idara ya FBI zilianza kazi tarehe 30 Novemba 1998. Majibu ni matatu: endelea, amekataliwa, au ngoja kwanza.

MAKOSA YA KALAMU

Makosa ya kwanza ni yale ya kupitiwa, ambayo mtu mwema aweza kuyafanya. Mmoja huandika nambari ya sanduku la posta mahali pa kuandika nyumba akaapo, na hati haikubali sanduku. Mwingine huulizwa wilaya yake, naye huandika jina la nchi, maana kwa Kiingereza maneno hayo mawili yafanana sana kwa herufi. Mwingine huacha jina lake la katikati, au hutia tarehe ya kuzaliwa mahali pa tarehe ya leo. Naye mwenye duka aweza kukosea tarakimu moja ya nambari iliyochorwa katika chuma cha bunduki.

Msomaji aweza kusema, Tarakimu moja ina madhara gani? Basi na asikilize. Serikali Kuu ya Marekani imekatazwa na sheria ya mwaka 1986 kufanya daftari moja la bunduki zote na wenyewe. Kwa hiyo bunduki ikiokotwa mahali palipouawa mtu, wapelelezi huanza kwa kiwanda kilichoifanya. Kiwanda huwaonyesha mfanya biashara wa jumla, naye huwaonyesha mwenye duka, na mwenye duka hufungua hati zake. Hati ile 4473 ndiyo pingu ya mwisho ya mnyororo huo. Ikiwa tarakimu si sawa, mnyororo umekatika, na mwuaji amepata njia ya kupita.

Je, kosa la namna hii hurekebishwaje? Katika maelezo ya hati yenyewe kuna kanuni nzuri. Kosa likionekana baada ya bunduki kwisha kutolewa, hati ya asili haiguswi. Hufanywa nakala yake kwa mashine, na marekebisho huandikwa katika nakala ile. Mnunuzi hurekebisha sehemu zake tu, na mwenye duka sehemu zake tu. Hapana ruhusa mmoja kumsahihishia mwenziwe. Aliyerekebisha hutia herufi za mwanzo za jina lake pamoja na tarehe. Kisha nakala hufungwa pamoja na hati ya asili, nazo huwekwa zote mbili.

Tazameni hekima ya jambo hili. Kosa halifichwi. Lile la kwanza labaki laonekana, na lile la pili laonekana, na jina la aliyerekebisha laonekana. Hivyo mkaguzi ajapo hujua ya kuwa hapa palikuwa na kosa, wala hapakuwa na hila. Lakini karatasi iliyokwaruzwa kwa wembe, au kumwagiwa wino juu ya neno, humfanya hata mtu mwaminifu afanane na mwizi. Kweli mwenye duka arudiaye makosa yale yale baada ya kuonywa aweza kunyang'anywa leseni. Walakini sheria haimfungi mnunuzi kwa kupitiwa. Sheria humshika asemaye uwongo hali akijua.

UWONGO WA KALAMU

Mwezi wa Novemba 2009 mtu mmoja aitwaye Bruce Abramski, aliyekuwa askari polisi zamani, alinunua bastola katika Virginia. Aliinunua kwa ajili ya mjomba wake, aliyekaa Pennsylvania, naye mjomba alikuwa amekwisha kumpelekea hundi ya dola 400. Abramski alifikiri kuwa yeye, kwa ajili ya kazi yake ya zamani, angepunguziwa bei. Alipofika penye swali, Je, wewe ndiwe mnunuzi hasa? alijibu ndiyo.

Mjomba hakuwa mhalifu. Alikuwa na haki ya kununua bastola kwa jina lake mwenyewe. Hata hivyo Abramski alishtakiwa, na shauri likafika Mahakama Kuu ya Marekani. Tarehe 16 Juni 2014 majaji watano kwa wanne waliamua kuwa jibu lile lilikuwa uwongo wa maana, kwa kuwa fedha ilikuwa ya mjomba na bunduki ilikuwa ya mjomba. Sheria yataka kumjua mwenye bunduki, si kumjua mjumbe wake. Kama Abramski angenunua bastola kwa fedha zake mwenyewe na kumpa mjomba kuwa zawadi ya kweli, jibu lake lingalikuwa sawa.

Uwongo wa namna hii waweza kuleta kifungo hata cha miaka 10. Tofauti yake na kosa la kalamu haimo katika wino, imo katika moyo. Aliyeandika wilaya vibaya hakujua. Aliyeazima jina lake alijua. Nao ndugu wakikuambia, Weka jina lako tu, si kitu, kumbuka ya kuwa sahihi haiazimwi kama jembe.

KOSA LA OFISINI

Kuna na kosa la tatu, nalo ndilo lenye kutisha kuliko yote, maana mnunuzi hana habari nalo wala mwenye duka. Ni kosa la karani aliye mbali.

Mwezi wa Aprili 2015 kijana wa miaka 21 alitaka kununua bastola katika South Carolina. Alikuwa amekamatwa wiki chache nyuma kwa habari ya madawa ya kulevya, naye alikuwa amekiri. Neno hilo lingetosha kumkatalia. Lakini katika daftari jina la ofisi iliyomkamata lilikuwa limeandikwa isivyo. Mchunguzi wa FBI aliuliza katika ofisi isiyo yenyewe, asipate jibu. Siku tatu za kazi zikapita, na kwa sheria mwenye duka aliruhusiwa kumpa bastola. Tarehe 17 Juni 2015 kijana yule aliingia katika kanisa la Emanuel mjini Charleston, akaua watu tisa waliokuwa wakisoma Biblia. Mkuu wa FBI wa siku zile, James Comey, alikiri hadharani ya kuwa kijana yule hakupaswa kupata bastola ile.

Tena tarehe 5 Novemba 2017, katika Sutherland Springs, Texas, mtu aliyekuwa zamani askari wa Jeshi la Anga aliua zaidi ya watu 20 kanisani. Mahakama ya jeshi ilikuwa imemhukumu mwaka 2012 kwa kumpiga mkewe na mtoto, na hukumu hiyo ingemzuia kununua bunduki. Lakini jeshi halikupeleka karatasi zake kwa FBI. Yeye alijaza hati kwa uwongo, na daftari lililopasa kumfichua lilinyamaza. Mwaka 2021 jaji aliamua ya kuwa sehemu kubwa ya lawama ni ya Serikali yenyewe.

YATUPASAYO

Basi, wasomaji, tuyashike haya. Kwanza, soma swali lote kabla ya kushika kalamu, na usiloelewa uliza. Pili, ukikosea, usifute. Piga mstari mmoja, andika sawasawa, tia jina na tarehe. Tatu, usisahihishe neno la mwenzio, wala usimtilie sahihi mtu asiye mbele yako. Nne, na hili ni kwa wenye mihuri na daftari: andika habari siku ile ile, uipeleke mahali pake, na uulize kama imefika. Karatasi iliyolala mezani haina sauti.

Mtu akosaye na kukiri huaminiwa zaidi kesho. Lakini mtu aliyezembea daftari lake hajui ni nani atakayelipa deni hilo. Huenda akawa mtu asiyepata kumwona kamwe, aliyekaa kanisani jioni na kitabu chake mkononi.